Ni Nani Aliyempa Mtoto Sigara ya Kwanza?

Kila mahali wazee wakutanapo, iwe ni uwanjani mwa kanisa baada ya ibada, au mnadani kwa ng'ombe, au katika foleni ya kungojea malipo ya chai, mazungumzo yao hayakawii kufika kwa vijana. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, hawapendi jembe, na zaidi ya yote huonekana njiani wakivuta sigara hali wangali wamevaa sare za shule. Kisha wazee hutikisa vichwa, na kila mmoja hutoa sababu yake. Huyu husema ni picha za sinema na za simu. Yule husema ni maisha ya mjini. Wa tatu husema ni walimu ambao hawatumii kiboko tena. Nami nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kwa miaka mingi nimeyaunga mkono, huku nikiwa nimeshika sigara yangu mwenyewe kati ya vidole viwili.

Naandika leo kwa kuwa jambo hilo limeingia nyumbani mwangu, na imenibidi kulifikiri upya. Mimi si daktari. Ni karani wa serikali, mwenye umri wa miaka 38, niliyesomeshwa katika shule ya misheni mpaka kidato cha nne, na kazi yangu ni kuandika na kuyatunza majalada ya watu wengine. Nitakayoyaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na machache niliyoyasoma katika vitabu na ripoti ambazo mtu yeyote aweza kuzitafuta na kuzisoma.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa akifua nguo za mwanetu wa kwanza, mvulana wa miaka 14. Mfukoni mwa kaptura yake akatoa njiti tano za kiberiti, kipande kilichochanwa cha ule ubavu wa kisanduku ambao huwashiwa njiti, na majani makavu ya mlimau. Kiberiti alikielewa, majani hakuyaelewa. Mimi niliyaelewa mara moja, kwani nilipokuwa shuleni nilitafuna majani ya namna hiyohiyo ili mwalimu wa zamu asisikie harufu ya moshi kinywani mwangu.

Nilimwita mtoto. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuvua mshipi. Nikamwuliza, "Ni nani aliyekufundisha jambo hili?" Nilitazamia kusikia jina la mtoto wa jirani mmoja ambaye kwa muda mrefu sikumpenda, na tayari nilikuwa najua maneno nitakayokwenda kumwambia baba yake. Mwanangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, kununua nilifundishwa na wewe. Kuvuta nilifundishwa mwezi wa Desemba."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu ajibuye swali la hesabu. Nilivaa mshipi wangu tena, nikamwambia aketi.

Haya ya Desemba yanataka maelezo kwa wasomaji wasiokaa pande zetu. Katika sehemu za kati za Kenya wavulana wengi hutahiriwa mwezi huo, shule zikiwa zimefungwa. Zamani jambo hilo lilifanywa alfajiri, baada ya kuoga maji ya baridi ya mtoni, na wazee walikuwako tangu mwanzo mpaka mwisho. Siku hizi wengi hupelekwa hospitali, na hilo ni jema sana kwa afya, wala simtamani mtu arudi kwenye kisu kimoja kwa wavulana kumi. Lakini baada ya hospitali, wavulana huwekwa pamoja katika chumba kimoja kwa majuma mawili au matatu mpaka wapone, chini ya ulinzi wa kijana aliyetahiriwa miaka michache kabla yao. Na wazee, ambao zamani ndio waliokaa nao usiku wakawafunza mambo ya utu uzima, siku hizi hufika mlangoni, husalimu, hutoa fedha za nyama, wakaenda zao. Mimi nilifanya vivyo hivyo. Nilitoa fedha za mbuzi mzima, nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Katika pengo hilo ndimo alimoingia yule kijana mlinzi, mwenye miaka 19 au 20, ambaye naye hana kazi wala shamba, na ambaye katika mwaka mzima hapana watu wamsikilizao ila wavulana hao kwa majuma hayo matatu. Siku ya nne, kwa kadiri alivyoniambia mwanangu, alitoa sigara moja, akaiwasha, akasema kwamba mtoto akivuta hukohoa, na mwanamume akivuta hakohoi. Kisha akaipokeza. Wavulana walikuwa wanne.

"Wewe ulikohoa?" nikamwuliza.

"Wote tulikohoa, Baba. Lakini kila mmoja alijizuia mpaka aliyemfuata aanze kukohoa yeye."

Nilicheka, ijapokuwa sikutaka kucheka. Kisha usiku ule sikupata usingizi upesi, kwani niliona kwamba katika chumba kile hapakuwako hata mtu mmoja aliyeitaka tumbako. Hakuna aliyeipenda ladha yake. Hakuna aliyehitaji moshi. Walichokitaka wavulana wale ni kuambiwa na mtu mkubwa kwamba utoto umekwisha, na kwa kuwa mtu mkubwa wa kweli alikuwa amekwenda zake baada ya kutoa fedha za mbuzi, waliambiwa na yule aliyekuwako.

Nikayakumbuka yangu mwenyewe. Nilipofika katika shule ya sekondari nilikuwa na sanduku la bati, kaptura ndefu kupita kiasi, na matamshi ya kijijini ambayo wenzangu waliyaiga kila nilipofungua kinywa. Nyuma ya ghala ya kuni palikuwa na wavulana watano waliokutana baada ya chakula cha jioni. Kiongozi wao alikuwa wa kidato cha tatu, mchezaji mzuri wa mpira, na hata viranja walimheshimu. Jioni moja walikuwa na sigara lakini hawakuwa na moto, na mimi, kwa bahati, nilikuwa nimetumwa jikoni nami nikawa na kiberiti. Ndivyo nilivyokaribishwa. Nilivuta mara mbili, dunia ikazunguka, nikaenda kutapika penye migomba. Kichwa kiliniuma mpaka asubuhi.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi nilirudi siku ya pili? Nilirudi kwa sababu asubuhi ile, katika chumba cha kulia, mbele ya shule nzima, yule mchezaji wa mpira aliniita kwa jina langu. Hakuna zaidi ya hapo. Kama angeniita kwa jina kwa sababu ya kupiga kinanda, huenda leo ningekuwa mpiga kinanda.

Walakini sehemu ya pili ya habari hii si ya wenzangu. Ilipofika mwisho wa muhula wa tatu, nilikuwa nikienda nyuma ya ghala peke yangu, kukiwa na giza na mvua, wala hapakuwa na mtu wa kuniona mwanamume.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea tunaposema na vijana. Tunadhani sababu ya kuanza na sababu ya kuendelea ni moja, kumbe ni mbili, na ya pili huingia kimyakimya wakati ya kwanza ingali inazungumza. Katika jani la tumbako mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu avutapo moshi ndani ya mapafu, nikotini hufika katika ubongo kwa sekunde chache tu, yapata 10 au 20, upesi kuliko dawa nyingi zidungwazo kwa sindano. Ubongo huipokea, huizoea, kisha huidai. Na ubongo wa mtu haukomi kujengwa mpaka apatapo miaka kama 25. Kwa hiyo ule wa mvulana wa miaka 14 ni kama nyumba ambayo udongo wake haujakauka, na alama yoyote itiwayo hapo hudumu. Wataalamu wameona kwamba vijana wengine huanza kuonyesha dalili za kufungwa na tumbako katika muda wa majuma au miezi michache, hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku. Mvulana hudhani angali anacheza. Husema, "Nitaacha nitakapomaliza shule." Nilisema hivyo mimi. Nimemaliza shule miaka 20 iliyopita.

Ripoti kubwa za serikali ya Marekani, ile ya mwaka 1994 na nyingine ya mwaka 2012, zilieleza kwamba katika watu wazima wavutao kila siku, karibu 9 katika kila 10 walionja sigara yao ya kwanza kabla hawajatimiza miaka 18. Tulifikiri neno hilo vizuri. Maana yake ni kwamba mtu afikaye miaka 25 bila kuvuta, hapana budi apate shida kubwa ndipo aanze. Akili yake imekomaa, hana tena hamu ya kumwonyesha mchezaji wa mpira kwamba yeye ni mwanamume. Kwa hiyo biashara nzima ya sigara duniani inasimama juu ya wavulana na wasichana wa miaka 12 mpaka 18.

Matajiri wa tumbako walilijua jambo hili kabla yetu. Katika kesi zilizofanyika Marekani miaka ya 1990, makampuni yalilazimishwa kutoa barua na taarifa zao za siri, na leo ziko wazi kwa wote. Mojawapo iliandikwa mwaka 1973 na mtaalamu wa kampuni ya R. J. Reynolds, jina lake Claude Teague. Katika taarifa hiyo alieleza kwamba kwa mtu aanzaye, sigara haina utamu, bali huudhi. Kwa hiyo yeye haanzi kwa ajili ya tumbako, huanza ili awe sawa na wenzake, ili ajione mtu wa namna fulani, ili aondoe uchovu na wasiwasi, au ili ajaribu tu. Niliposoma habari hizo nilistaajabu. Bwana yule, aliyekaa ofisini mbali sana na hapa, alikijua kile chumba cha Desemba kuliko mimi niliyelipia mbuzi wake.

Wazee watasema kwamba tumbako si kitu kigeni kwetu. Ni kweli. Asili yake ni Amerika, lakini ilifika Afrika karne nyingi zilizopita katika vyombo vya wafanyabiashara, na babu zetu waliilima wakaipenda. Babu yangu mwenyewe alikuwa na kichupa cha ugoro kilichoning'inia shingoni kwa mnyororo mwembamba, na hakuna mazungumzo ya ng'ombe wala ya mahari yaliyoanza kabla kichupa hicho hakijapita mkononi mwa kila mzee. Lakini mvulana aliyekigusa angejuta. Si kwa sababu wazee walijua habari za magonjwa. Hawakuzijua, na ugoro nao una madhara yake. Ni kwa sababu ugoro ulikuwa kitu cha baraza la wazee, na mtu aliungojea kama alivyongojea kiti chake barazani. Mlango ulikuwapo, na mlangoni palikuwa na bawabu.

Sigara ndiyo iliyouvunja mlango huo. Mwaka 1881 Mmarekani mmoja, James Bonsack, alipata hati ya kumiliki mashine yake ya kusokota sigara, iliyoweza kutoa zaidi ya 100,000 kwa siku moja, kazi iliyohitaji mikono ya watu wengi sana kabla yake. Kitu kilichokuwa ghali kikawa rahisi. Kampuni ya British American Tobacco ilianza biashara Kenya mwaka 1907. Kisha vikaja vita viwili vikubwa, na majeshi mengi yakawagawia askari sigara pamoja na chakula, nao waliporudi makwao walirudi na desturi hiyo. Kiko kilitaka kukaa chini na kutulia. Ugoro ulitaka kusagwa. Sigara haikutaka lolote. Iliingia mfukoni mwa shati, na zaidi ya yote iliweza kuuzwa moja moja.

Neno hili la moja moja nalitilia mkazo. Mvulana wa shule hana fedha za kununua pakiti. Lakini sigara moja huuzwa kwa fedha isiyotosha kununua mkate, na wavulana wanne wakichanga, kila mmoja hutoa chenji iliyobaki mfukoni. Kwa sababu hiyo Bunge la Kenya, katika Sheria ya Kudhibiti Tumbako ya mwaka 2007, lilipiga marufuku kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na tena likakataza kuuza sigara nje ya pakiti, wala pakiti yenyewe isiwe na sigara chini ya 10. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 2008. Ni sheria nzuri, na nyumbani kwangu naiweka katika jalada pamoja na nyingine. Lakini mtu akitembea kutoka ofisini kwangu mpaka kituo cha magari, mwendo wa dakika kumi, atapita vibanda sita, na katika kila kimoja ataona pakiti iliyofunguliwa na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo.

Nilikwenda kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na nyumbani. Nilikwenda nikiwa na hasira, na nilikuwa nimekariri maneno ya sheria. Ni mjane, mwenye watoto wanne, mtu wa kanisani kwetu. Nikamwambia, "Mama, umekuwa ukimwuzia mwanangu sigara."

Akafuta meza yake kwa kitambaa. "Bwana Karani," akasema, "mwanao amekuwa akinunua sigara hapa tangu alipokuwa hafikii meza hii. Nilikuwa nikimpa mkononi. Alisema, Baba ametuma. Na siku nyingine alisema, Baba amesema niiwashe hapahapa, nyumbani kiberiti kimelowa. Nami nikamshikia moto."

Sikuwa na la kujibu, kwa maana yalikuwa kweli. Nayakumbuka masika yale. Nilikuwa nikiketi kibarazani, mvua ikinyesha, nikamtuma mtoto wa miaka saba au minane aniletee sigara inayowaka, aje nayo ameifunika kwa kiganja. Ilinipendeza kuona jinsi alivyokuwa hodari, asiizime njiani. Na asiyejua na ajue: sigara haiwaki ipasavyo kwa kushikwa tu penye moto. Sharti mtu aiweke mdomoni aivute.

Basi yule kijana wa Desemba hakuwa wa kwanza.

Yule mama aliniambia neno jingine ambalo sikulipenda lakini lafaa lisikiwe. Alisema kwamba faida ya mkate ni ndogo na mkate huharibika, lakini sigara haiharibiki, na katika pakiti aiuzayo moja moja hupata fedha za kununua madaftari. "Nikiacha mimi," akasema, "jirani ataongeza pakiti." Sikusema kwamba ana haki; nilisema atafungwa. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kumfunga. Tangu siku hiyo hamwuzii mwanangu, naye ameniambia waziwazi kwamba hafanyi hivyo kwa ajili ya sheria.

Kuhusu wasichana sitasema mengi, kwani mimi sina binti mkubwa, na wanawake wavutao sigara katika nchi yetu ni wachache kuliko wanaume. Lakini tusilale. Katika uchunguzi uliofanywa mashuleni Kenya mwaka 2013 kwa wanafunzi wa miaka 13 mpaka 15, yapata 10 katika kila 100 walikuwa wakitumia tumbako ya namna moja au nyingine. Wavulana ni karibu 13, na wasichana karibu 7. Mzazi anayedhani kwamba kwa wasichana ni sifuri, amekosa hesabu.

Kuna na vitu vipya. Mwaka 2017 serikali iliipiga marufuku shisha, ambayo vijana wa mjini walidhani haina hatari kwa kuwa moshi wake hupitia majini na hunukia matunda. Maji hayo hayaondoi sumu. Tangu mwaka 2019 vimekuwa vikiuzwa Kenya vifuko vidogo vyeupe vya nikotini ambavyo mtu huviweka chini ya mdomo wake. Havitoi moshi. Havina harufu ya tumbako, bali ya peremende. Kama mwanangu angekuwa na kopo la vifuko hivyo mfukoni badala ya njiti za kiberiti, mke wangu angedhani ni pipi, nami nisingekuwa naandika habari hizi. Mlimau wetu ungebaki na majani yake.

Sasa, mtu atauliza, mvulana aambiwe nini? Wengi huwaeleza habari za kansa ya mapafu, nazo ni kweli tupu. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza kwamba wavutaji sigara hupata kansa ya mapafu kuliko wengine, na kuanzia mwaka 1951 wakafuatilia maisha ya madaktari wa Uingereza zaidi ya 34,000 kwa muda wa miaka 50. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka 2004: mtu aliyevuta maisha yake yote hupoteza, kwa wastani, kiasi cha miaka 10. Lakini nilipomwambia mwanangu hivyo, nilimwona akihesabu. Kwake yeye mtu wa miaka 70 na mtu wa miaka 60 ni mzee yuleyule. Kilichomgusa ni jambo dogo zaidi. Yeye hukimbia mbio za mita 1,500 shuleni, naye alikuwa amekwisha kuona kwamba mzunguko wa mwisho umeanza kumshinda. Hakuwa amemwambia mtu. Nadhani kila mvulana ana mzunguko wake wa mwisho, na baba afaa aujue ni upi kabla hajaanza kuhubiri.

Hesabu ile ya miaka 10 ilinigusa mimi. Kwa maana ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba mtu aachaye akiwa na miaka 60 hurudishiwa yapata 3. Akiwa na 50, yapata 6. Akiwa na 40, yapata 9. Na akiwa na 30, karibu yote. Mimi nina miaka 38. Nilikaa na karatasi hiyo mezani ofisini kama nikaavyo na hati ya mtu anayedaiwa kodi, nikaona kwamba mlipaji ni mimi.

Basi tumepatana, mimi na mwanangu. Yeye hatapigwa, nami sitamtuma. Sote wawili tumeacha, na kila Jumamosi jioni, baada ya kukamua ng'ombe, kila mmoja humwambia mwenzake kama amevuta au hakuvuta. Yeye ameona wepesi. Alikuwa amevuta mara saba au nane tu, naye ana mbio zake. Mimi siku ya tisa nilitofautiana na mtu kazini, nikajikuta kibandani, si cha yule mama bali cha pili. Jumamosi ile nilitamani kusema uongo. Nilimwambia kweli, naye akauliza, "Ilikuwa tamu, Baba?" Nikamjibu kwamba mvuto wa kwanza ulikuwa mtamu, na yote iliyobaki niliimaliza kwa sababu nilikuwa nimeilipia. Tangu hapo zimepita siku 41.

Mwezi wa Desemba ujao mtoto wa ndugu yangu ataingia katika chumba kile, pamoja na wenzake watano. Nimezungumza na baba zao. Tumekubaliana kwamba safari hii hatutatoa fedha za mbuzi na kuondoka, bali kila usiku mmoja wetu atalala na vijana, kwa zamu, awaeleze yale ambayo sisi tulielezwa au tungalipaswa kuelezwa. Yule kijana mlinzi naye tumemwita, kwani kumfukuza ni kumpeleka chumba kingine. Amesema atakuja, na ameomba tumsaidie kupata kibarua katika kiwanda cha chai, jambo ambalo tunalishughulikia. Zamu zimekwisha kupangwa, na mimi kwa desturi ya kazi yangu nimeziandika katika karatasi. Limebaki jambo moja tu. Mmoja wetu, ambaye ni mzee aliyepita miaka 60 na ndiye ajuaye mila kutupita sote, ameuliza kama ataruhusiwa kuingia na ugoro wake. Bado hatujamjibu.